Krimu ya Ng'ombe Arobaini

Saa saba mchana, jua la Masanze linachoma hasa, na Scolastica anapalilia mahindi bila hata kitambaa kichwani, uso unang'aa krimu.

"Una wazimu wewe!" Shangazi yake, Odilia, alimfokea kutoka njiani. "Si umeambiwa unapaka usiku, asubuhi unanawa, unashinda ndani?"

"Shikamoo, shangazi. Nilisahau."

"Marahaba, mjinga mkubwa! Ingia ndani!"

Alisahau! Kwa mara ya tano. Ile krimu ilikuwa ya asidi ya matunda, kutoka Dubai. Tangu biashara ziwe huria kila takataka inaingia nchini. Mzee Shilinde, baba yake, aliuza magunia mawili ya mpunga ili ainunue pale Dumila, eti itachubua ngozi iliyokufa, binti atakate. Kwa Wasukuma binti mweupe ana mahari kubwa, na Shilinde alikuwa na tamaa ya fisi. Melkizedek, mfugaji wa Mikumi mwenye wake wawili na meno matatu, alikuwa ameahidi ng'ombe arobaini, ila kwanza auone uso.

Na huyo binti sasa! Darasa la saba kamaliza, muuzaji kamwonya mwenyewe kuhusu jua, akaitikia kwa adabu zote, halafu anakwenda kujianika kama mihogo.

Siku ya ugeni mashavu yalikuwa yamebabuka, madoa meusi mpaka shingoni, pua inabanduka. Melkizedek alitazama, akasonya, hata soda hakuimaliza.

"Huyu nimpeleke wapi?" akauliza, akaondoka.

Shilinde alilia, mwanamume mzima. Kwa hofu ya kubaki na binti ndani, wiki ileile alimwita Amos, fundi baiskeli wa Munisagara, ambaye mwaka uliopita alimfukuza pamoja na ng'ombe wake sita. Safari hii aliwapokea wote sita haraka haraka, hata yule kilema.

"Zuzu kapata zuzu mwenzake," Odilia alisema, akatema mate.

Jioni hiyo, nyuma ya zizi, Amos alimgusa mchumba wake shavu kwa woga.

"Pole, Scola. Panauma sana?"

"Panauma. Ila baada ya miezi mitatu uso unarudi wenyewe," Scolastica alinong'ona. "Harakisha harusi, baba asije akauona."