Nauli Wakati wa Salamu

Kanuni ya nauli za treni ya mwendo kasi aliitunga Rukia mwenyewe: kila kiti kinapouzwa, bei ya kinachofuata inapanda. Leo alikaa kwenye dirisha la stesheni kuuza tiketi, aone watu wameipokeaje.

Mzee mmoja alifika akihema, noti mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wazazi hawajambo?"

Kwenye kompyuta bei ikapanda. Wengine walikuwa wakinunua kwa simu.

"Hawajambo. Unakwenda wapi, baba?"

"Na watoto je?" Mzee hakuwa mtu wa kuomba kitu kabla ya kumaliza salamu.

Bei ikapanda tena.

"Wazima, baba."

"Alhamdulillahi. Nakwenda hospitali, mwisho wa reli. Binti yangu anapasuliwa saa sita, ameomba anione kabla hajaingizwa. Jana niliuliza nauli, nikaja na hiyo hiyo."

Rukia akazitazama noti. Mzee alipofika zilikuwa zinatosha; sasa zilipungua.

"Hazitoshi, mwanangu?"

Rukia akavuta mkoba wake aongezee. Kwenye kompyuta kilibaki kiti kimoja cha kijani, ambacho hakijauzwa, nacho kilianza kuwaka na kuzima, kama kimeguswa na mtu mwingine kwenye simu yake.