Mafuta ya Lama

Visigino vya Saturnina vilikuwa vimepasuka hadi nyama ikaonekana, na kila alipokanyaga viazi vilivyogandishwa na jalidi ya Juni huko milimani, ili avikamue maji vikaushwe, aliviachia damu.

"We mwanamke, unatutilia damu kwenye chakula!" mama mkwe alimkaripia. "Mafuta ya lama yamo ndani, hutaki kujipaka. Unamkomoa nani?"

Saturnina aliendelea kukanyaga. Wiki ya tatu sasa alikuwa hajayagusa. Juu ya mafuta yale ya mnyama yaliyoganda palikuwa na alama ya vidole viwili vidogo, pale binti yake alipochota ajipake mashavu, asubuhi ya mwisho kabla kichomi hakijamchukua. Kila siku Saturnina alifunua mkebe, akaitazama, akafunika.

Mama mkwe aliingia jikoni, akakawia, kisha akatoka na mkebe ameufunga kwa shali.

"Haya, mwanangu, nyoosha mguu." Sauti ilikuwa imelegea. "Kumbe yamekuwa jiwe, maskini, ndiyo maana hujipaki. Nimekuyeyushia."

Saturnina alichungulia. Mafuta yalikuwa yametulia tuli kama maji mtungini.

"Ahsante, mama," alisema, akanyoosha mguu.