Meseji za Mama Kijacho

Simu ya Mzee Marko ililia akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kwa kuwa si mtu wa siri, aliisoma meseji kwa sauti.

"Habari mama kijacho. Mimba yako sasa ina wiki thelathini na nne. Hukufika kliniki mara mbili. Tafadhali fika leo."

Gerson, mwenye mashine, alizima mota apate kucheka vizuri. "Jamani mpisheni mama kijacho! Asisimame sana, miguu itamvimba."

Foleni nzima ikapisha. Marko ana miaka sitini na tisa, ndevu nyeupe, na ng'ombe kumi na wanne wanaomtii kuliko watu. Alibeba uwele wake bila kuusaga, akarudi nyumbani.

Hiyo ilikuwa meseji ya saba. Zilianza kuingia mwezi wa tano, wiki ileile mkewe Editha aliporudi kutoka mjini, alikopeleka jembe la ng'ombe kuchomelewa na kukaa huko siku tatu. Kila moja ilipoingia, Marko alimsomea, maana macho ya Editha hayazioni tena herufi ndogo. Editha huacha kila kitu akasikiliza.

"Rudia hapo pa kulala," husema. "Ubavu upi?"

"Wa kushoto."

"Haya mzee, ulalie wa kushoto. Na usiifute."

Wakacheka. Nyumba ile ilihitaji kicheko. Wamebaki wawili tu, na ukutani kuna picha tatu za watoto. Ya kwanza imegeuzwa uso tangu mwaka juzi, binti yao mkubwa alipoondoka na kijana ambaye hakuletwa nyumbani kujitambulisha. Siku hiyo Marko alibadili laini ya simu, akasema jina la binti huyo lisitajwe tena chini ya paa lake. Halikutajwa.

Leo lakini Marko hakucheka. Aliutua uwele mlangoni.

"Mama wa watu anatafutwa na hajui," alisema. "Meseji zake zinaishia mfukoni mwangu."

"Basi nenda zahanati," alisema Editha, na tayari alikuwa ameshika koti la kanisani la mumewe. "Leo hii. Usingoje Jumatatu."

Zahanati yao ina muuguzi mmoja, Hilaria, binti mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku hizi haandiki tena kwenye madaftari makubwa. Ana kishikwambi, na humo mna kila mgonjwa wa mkoa mzima, kila sindano, kila tarehe ya kurudi.

"Shikamoo babu," Hilaria alisema mara Marko alipochungulia mlangoni. "Mtoto anacheza?"

"Marahaba. Gerson amekwisha kukupigia simu?"

"Mara mbili."

Marko alikaa, akatoa kikaratasi kwenye koti. "Nitoe humo kwenye hilo dude lako. Lakini kabla hujanitoa, mtafute mwenye mimba. Nadhani walikosea tarakimu moja. Nimeandika namba zinazofanana na yangu, kumi na moja. Zijaribu zote. Mojawapo ni yake."

Hilaria alikitazama kikaratasi kile, namba zimepangwa kwa mwandiko wa mtu aliyebana ulimi kati ya meno. Utani ukamwisha. Akaiingiza namba ya Marko kwenye kishikwambi na faili likafunguka. Alisoma kimya, kidole kikishuka taratibu.

"Presha yake mara ya mwisho ilikuwa juu," alisema. "Huyu si wa kungoja hata wiki."

"Basi mpigie!"

"Namba iliyopo ni moja tu, babu. Ni yako."

"Ndiyo makosa yenyewe hayo."

"Haikukosewa. Hapa imeandikwa: simu ya babu."

Marko alipunga mkono. "Kila mtu ananiita babu. Hata wewe hapo mlangoni."

"Mimi nilikuwa nakuamkia," alisema Hilaria polepole. "Hapa hakuna aliyemwamkia mtu. Hapa panaulizwa undugu wa mwenye simu na mtoto."

Nje mbuzi alilia, akanyamaza. Marko alikikunja kikaratasi chake mara mbili, mara nne, hadi hakikukunjika tena.

"Jina sitalitaja," alisema Hilaria. "Siruhusiwi."

"Nitalitaja mimi." Alikohoa kidogo, kama mtu anayefungua mlango uliokaa sana. "Anna."

Hilaria alisukuma kikombe chake cha chai upande wa mzee.

"Kliniki yake iko mjini, Kizota, kwenye mafundi wa kuchomelea," alisema. "Nawapigia sasa hivi wamfuate nyumbani. Lakini akimwona mtu wake, atakubali upesi kwenda hospitali."

Marko alikuwa amesimama tayari. Mlangoni akageuka. "Lakini namba hii Anna haijui. Laini niliinunua alipokwisha kuondoka. Nani aliwapa?"

Hilaria aliangalia tena kishikwambi, kisha akaangalia dirishani, akauma mdomo asicheke.

"Aliyemsindikiza siku ya kwanza," alisema.

Getini, Editha alikuwa ameketi juu ya furushi lililofungwa kwa khanga, miguuni kavaa viatu vya Jumapili.

"Meseji saba, Baba Anna," alisema, akijikung'uta vumbi. "Mimi nilidhani utafika hapa kwenye ya tatu."