Kikombe Kwenye Kona ya Fainali

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mke wa Kakakuona aliweka kikombe chake cha chai juu ya karatasi ya mumewe, kwenye kona iliyoachwa wazi kwa ajili ya fainali, akauliza, "Na anayefungwa anakwenda wapi?"

"Nyumbani," alijibu Kakakuona, ambaye alikuwa akipanga mtoano wa kandanda wa vyuo vya msituni.

Wiki ile mkewe akafa. Kakakuona hakukigusa kile kikombe. Alipanga mechi kukizunguka, na kila timu iliyofungwa akaipa mechi nyingine, ili pasiwe na anayetolewa. Wanyama walimsifu kwamba haki ya namna hiyo hawajapata kuiona.

Mwezi wa tano baada ya msiba alikuja Chura, nahodha wa timu dhaifu kuliko zote, akichechemea.

"Mzee, tumefungwa mara kumi na tisa. Utatutoa lini?"

"Sitaki kumwonea mtu. Jumamosi mna nafasi nyingine."

"Nafasi ya kufungwa mara ya ishirini! Basi tuonee, mzee wangu. Mke wangu ananingoja nyumbani."

Kakakuona alikitazama kile kikombe. "Anakungoja," alisema.

"Kila siku."

Asubuhi iliyofuata Kakakuona alikiinua kikombe, akakiosha, akakirudisha kabatini. Mbele ya jina la timu ya Chura akaandika "nyumbani", na ndani ya duara la chai lililobaki kwenye kona, "fainali".