Picha Niliyomwekea Mtoto wa Zawena

Siku hizi kila mtu ana picha moja tu kwa mwaka. Ukishaipiga, kamera yako inawaka taa nyekundu na kujifunga mpaka Januari.

Asubuhi tulikaa barazani kwangu, mimi, Mzee Mbelwa na Bi Sikitu, wapenzi wa kamera tangu ujanani. Tulizipanga kamera zetu mkekani, tukazifuta vumbi kwa pamba, kisha tukaanza utani wa kuzipiga picha kamera zenyewe. Wenzangu hawakuwa na wa kumwekea picha zao. Mimi nilikuwa naye.

Mzee Mbelwa akaivisha kamera yake kofia yake ya viua na miwani yake ya kusomea.

"Bi Mwanamvua, bwana harusi huyo anakusubiri. Au unamwonea haya?"

Nilicheka mpaka machozi, nikainua kamera yangu, nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Bi Sikitu akanitazama, akaanza kukunja mkeka.

Kabla ya adhuhuri mjukuu wangu Zawena akaingia na mwanawe mgongoni. Picha yake mwenyewe aliimaliza siku ya kumsindikiza mumewe.

"Bibi, tumekuja kwa ile picha yetu. Kesho tunamfuata baba yake. Utanitumia huko huko."

Nilitaka kusema. Badala yake nikaishika kamera, nikaifunika taa kwa kidole gumba.

"Subiri, Bibi, hajacheka," akasema Zawena, akimtekenya mtoto shingoni.

Nikasubiri, kidole kingine juu ya kitufe, mpaka mtoto akacheka.