Kuua Saudade

Basi lililomleta mama yake lilipoingia kituo cha Park Station, Emérite alimng'ang'ania mkono jirani yake Mmsumbiji, muuza vitenge mwenzake.

"Dada, lile neno lenu la Kireno, niambie tena."

"Eish, saudade! Hapo kale lilimaanisha upweke. Sasa ni hamu ya mtu aliye mbali. Ukimwona, tunasema umeiua."

Mama akashuka, furushi la ndagala, dagaa wakavu wa Bujumbura, likinukia kichwani. Emérite akamrukia, huku analia, huku anacheka.

Mama hakuishia hapo. Kwake, rafiki wa mtoto ni mtoto. "Na wewe mwanangu, njoo!"

Mmsumbiji alikuja kusaidia mizigo tu. Akakumbatiwa, akafumba macho, akimkumbuka mama yake mwenyewe.

"Sasa mizigo atabeba nani?" Mama akacheka.

Lakini Mmsumbiji hakumwachilia.