Mlango wa Mlingoti

Mlingoti aliinamisha kichwa, akaingia sebuleni kwa mama yake, na papo hapo dada yake akaangua kicheko.

"Sasa unainamia nini, kaka?"

Alisimama pale pale, begi begani, goti la kulia likimuuma. Ndilo goti lililomstaafisha mpira wa kikapu. Miaka kumi na minne alicheza ng'ambo, na kila timu ya taifa ilipomwita alilala hotelini na wenzake, mama akimfuata huko huko.

Aligeuka, akaunyoosha mkono juu. Kati ya utosi wake na fremu ya mlango palikuwa na nafasi ya shubiri nzima. Mlango huu huu ndio uliokuwa ukimtoa manundu kwenye paji la uso. Rangi ya bluu ya fremu mpya ilikuwa imeshaanza kubanduka kwa uzee.

"Mmeuinua lini?"

"Mwaka uliosaini mkataba wa kwanza," dada alisema. "Mama hakutulia mpaka fundi alipobomoa ukuta. Majirani walimcheka, eti mlango kama wa godauni!"

Mama, kwenye kochi, hakucheka. Alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Toka, baba," alisema. "Toka uingie tena. Nimengoja sana kukuona ukiingia humu umesimama wima."

Mlingoti akalishusha begi, akalisukuma kwa mguu mpaka likapotea chini ya kochi, kisha akatoka.